Butoni ya Mukubwa Mulenda na Neno Tulilokatazwa

Vijana wa garaji, mumeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Shule niliishia mwaka wa tatu kwa mapadri, kwa hiyo herufi zangu mutazivumilia. Wengine wakiandika mambo ya namna hii wanaanza na siku walipopewa cheo. Mimi sikupewa kitu. Niliingia kazini kama fundi wa umeme wa magari, nimetoka fundi wa umeme wa magari, na nimetoka na sikio moja tu linalosikia. Nitawaambia lile lingine lilipotelea wapi, na nitataja majina. Wanaoniambia nisitaje majina ni watu wenye masikio yote mawili.

Kuna pia neno moja munalisema kila siku mukiinama chini ya gari. Munalisema kama vile limetoka Ulaya pamoja na gari lenyewe. Hakuna mumoja wenu aliyeniuliza lilitoka wapi. Nitalifikia.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Papa Wakenge. Alikuwa fundi wa umeme katika maboti ya Lualaba, akaacha maji kwa sababu ya kifua. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Hata akiwa nyuma ya lori, ulijua amesimama upande gani. Garaji ilikuwa ile ile munayoijua, karibu na kituo cha treni, ila wakati ule ukuta ulikuwa na rangi. Patroni alikuwa mutu wa Butembo, mufanyabiashara, mupole, kila mara yuko safarini kutafuta matairi. Muliweke hilo akilini: kila siku mbaya, patroni alikuwa safarini.

Siku ya kwanza Papa Wakenge hakunipa koleo wala bisibisi. Alinipa taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe: balbu ndogo, waya mbili, na spoki ya baiskeli iliyonolewa kama sindano. Kulikuwa na lori limetoka Kibombo na mupunga, panya wamekula waya zake zote kwa kufuata harufu. Akaniambia niguse kila mahali nimuonyeshe penye moto. Umeme wa gari sisi tunauita moto, na ukiushika vibaya utajua kwa nini. Niligusa asubuhi yote. Mwishoni akaniuliza moto unatoka wapi. Nikasema kwa batri. Akaniuliza unarudi kwa njia gani. Nikarudi kugusa waya zile zile.

"Kila mutu anajua unatoka wapi," akasema. "Wewe utakula kwa kujua unarudi wapi."

Unarudi kwa chuma chenyewe cha gari. Kutoka batri waya mumoja unaenda kwa kazi, na kazi ikiisha moto unarudi kupitia mwili wa gari mpaka upande wa pili wa batri. Njia hiyo ya kurudi, Kifaransa cha mafundi kinaiita masi. Kila fundi wa umeme alisema masi, kutoka Kisangani mpaka Lubumbashi. Masi nzuri, gari linawaka. Masi mbaya, unanunua batri mpya bure.

Sasa, ninyi muliozaliwa nyuma hamujui kwamba wakati ule wa Zaire neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Katika Kifaransa cha Chama, na chama kilikuwa kimoja tu, masi ilikuwa sisi. Watu. Umati unaopiga makofi uwanjani. Redio ilisema masi imefurahi, masi imekubali, masi iko nyuma ya Mukubwa wa nchi. Kila asubuhi kabla ya kufungua garaji tulicheza na kuimba mbele ya bendera, na Jumamosi tulienda salongo, kazi ya lazima, kufyeka nyasi za barabara. Mimi nilikuwa Benua mpaka Chama kilipoondoa majina ya mapadri, ndipo nikawa Kyanga. Sikusumbuka. Jina la kizungu halijawahi kufungua nati. Lakini maneno mawili yenye sauti moja, moja la gari na moja la Chama, yalikaa katika muji mumoja miaka mingi bila kukutana. Yalikutana kwetu.

Mukubwa Mulenda alikuwa mukubwa wa Chama kwa upande wetu wa muji. Alikuwa na gari la zamani, rangi ya maziwa, lililoachwa na Mubelgiji mumoja mwenye shamba. Gari zuri, ila tundu la ufunguo la kontakti lilikuwa limekulika kabisa. Ufunguo ulizunguka bure. Shofere wake, Sefu, mutu wa Alunguli ng'ambo ya mutoni, aliliwasha kwa mukia wa kijiko. Kijiko cha supu, alikiweka mufuko wa shati. Siku moja mbele ya wageni kutoka Kinshasa Sefu akatoa kijiko akaingiza katika kontakti, na mugeni mumoja akauliza kama gari linakula. Mukubwa Mulenda hakulala vizuri siku hiyo. Aliwahi kuona huko Kinshasa gari linalowashwa kwa kufinya butoni. Akataka butoni. Na aliitaka kabla ya defile, yale maandamano ya Chama, ambapo angefika uwanjani mbele ya watu wote.

Kwa vijana, niandike kazi yenyewe, maana bado inaulizwa. Butoni ya kengele ya mulango haifai. Wengi wanaifunga, inaungua, wanasema shetani. Demareri, ile inayozungusha injini mpaka iwake, inakunywa moto mwingi sana, na kidole cha mutu hakitakiwi kushika moto huo. Butoni inatoa amri tu. Rele ndiyo inayobeba muzigo. Papa Wakenge alipata butoni kwenye kiberenge kilichokufa nyuma ya kituo, nyeusi, nzito, na moyo mwekundu. Rele ilitoka kwa lori. Tukaondoa tundu la ufunguo, pale pale tukaweka swichi ya kupinda kwa ajili ya bobini inayotoa cheche, na butoni pembeni yake. Butoni tuliilisha kutoka kwa swichi, si kutoka kwa batri, ili mutoto akicheza ndani ya gari asiliwashe. Kila waya tuliuziba kwa mpira wa tairi la baiskeli. Pasi ya kuunganisha ilipata moto juu ya makaa. Siku mbili. Kazi safi. Nimefunga butoni nyingine tangu hapo, hakuna iliyopendeza kama ile.

Siku ya tatu asubuhi tukajaribu. Papa Wakenge akafinya. Gari likasema *tak*. Akafinya tena. *Tak.* Batri ilikuwa nzuri. Akachukua kebo nene akaunga upande wa kurudi wa batri moja kwa moja na chuma cha motere, injini yenyewe, akafinya, na demareri ikazunguka kama ya gari jipya. Hapo fundi anajua. Motere inakaa juu ya mipira, haigusani na mwili wa gari. Kati yao kuna musuko wa waya za shaba, mupana kama mukanda, umefungwa chini karibu na jiabokisi. Ule ndio masi ya motere. Nikaingia chini kuutazama.

Wakati huo huo treni ilikuwa inapanga mabehewa kituoni, inapiga honi, inagonga. Ndiyo sababu nilipiga kelele. Ningesema kwa sauti ya kawaida, pengine leo ningesikia kwa masikio mawili. Nilipaza sauti hivi, nayakumbuka maneno yote, kwa sababu baadaye nilisomewa:

"Papa, nimeiona! Juu inang'aa, chini imeoza yote! Masi imeoza! Mukubwa atafinya mpaka achoke, hakuna kitu kitatembea! Tuikate, tutie nyingine!"

Na Papa Wakenge naye akapaza sauti kutoka juu: "Usiikate. Masi unaikwangua mpaka inyooke."

Alitaka kusema mpaka ing'ae. Honi ilimuchanganya.

Kwenye mulango wa garaji alikuwa amesimama Lusangi Tambwe. Huyu andikeni jina lake: Lusangi Tambwe, kijana wa Chama, mwenye daftari. Alikuja kuhesabu ni nani kati yetu aliyekosa mazoezi ya kuimba. Aliandika kitu, akaondoka bila kusalimia. Mimi nilikuwa bado mugongoni chini ya gari, nimefungua nati ya upande mumoja wa musuko, nasubiri musasa.

Musasa haukufika. Alifika ajida mumoja aitwaye Bokota na askari wawili. Ajida Bokota hakuwa mutu wa Maniema, Kiswahili alikitumia kama kiatu cha mutu mwingine. Alitusimamisha mimi na Papa Wakenge mbele ya gari akasoma karatasi ya Lusangi. Kwamba mafundi wawili wamesema masi ya Mukubwa imeoza chini. Kwamba Mukubwa amefinya masi mpaka amechoka na nchi haitembei. Kwamba masi ikatwe, na kama haikatwi, ikwanguliwe mpaka inyooke.

Mimi nikacheka. Kosa langu la kweli katika hadithi hii ni hilo, wala silikatai. Nilidhani ni muchezo. Ajida akanipiga sikio la kuume kwa kiganja kilichofunguliwa, mara moja tu. Nikasikia kengele. Kengele hiyo haijanyamaza mpaka leo, na nyuma yake hakuna sauti nyingine inayopita.

Papa Wakenge, pole pole, akaeleza. Akasema masi ni kitu cha gari. Akainama kuonyesha, askari akamuvuta na kola. Ajida akasema kila muongo ana maelezo. Halafu, na hapa nataka muelewe vizuri, ajida alifanya jambo la akili. Aliangalia ndani ya garaji akamuona fundi mwingine. Akamuita.

Fundi huyo ni Sumaili Lukingama. Fundi wa breki, tumefanya kazi pamoja miaka mingi, tumekula sahani moja ya lituma na samaki. Asubuhi ile ile alikuwa ameniletea redio yake ya kanda nimukazie masi yake, ndivyo alivyosema kwa kinywa chake, "Kyanga, masi iko nacheza." Redio ilikuwa bado juu ya meza yangu.

Ajida akamuuliza: "Wewe iko fundi?"

"Ndiyo, Mukubwa."

"Katika motoka, iko kitu banaita masi?"

Sumaili alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta kidole kimoja kimoja. Hakutuangalia. Aliangalia karatasi mukononi mwa ajida, halafu akaangalia bunduki, na nitakuwa muaminifu: hata mimi ningeangalia bunduki.

"Mimi niko mutu wa frein, Mukubwa," akasema. "Mambo ya umeme sijui."

Papa Wakenge akamuita jina lake, pole tu, kama mutu anayemwamsha mwenzake. "Sumaili." Yule akarudi kwa breki zake. Hapakuwa na mutu mwingine wa kuuliza. Patroni alikuwa safarini.

Kasho waliyotufungia ilikuwa karibu na mutoni, ukuta wa upande mumoja unatoa maji. Kwa mutu mwenye kifua kizima ni shida. Kwa Papa Wakenge ilikuwa hukumu. Siku ya kwanza filimbi yake ilibadilika, ikawa kama mulango usiotiwa mafuta. Walituambia kwamba kesi kama yetu haikatwi hapa kwetu Kindu. Tungepandishwa treni ya mizigo kwenda kusini, na kila mutu alijua watu waliopanda hivyo. Wake zao walienda kituoni mwezi baada ya mwezi, halafu wakaacha kwenda. Nilimutazama Papa Wakenge nikajua hawezi kumaliza hata safari yenyewe. Nilimwambia nitasema maneno yote ni yangu. Yeye akamwambia ajida kwamba maneno yote ni yake. Ajida akatuandika wote wawili, hakupenda kupoteza mutu.

Siku ya pili Papa Wakenge alichukua kijiwe akaanza kuchora ukutani. Nilidhani amechanganyikiwa. Alichora batri, swichi, butoni, rele, demareri. Akaniuliza gari liko wapi. Nikasema bila shaka wamelichukua. Jioni mulinzi akatuambia: vijana wa Chama walilisukuma kutoka garaji mpaka nyumbani kwa Mukubwa Mulenda. Nafikiri ni siku pekee masi ilitembeza kitu kwa kweli.

"Wamelisukuma, halikuwaka," Papa Wakenge akasema. "Kwa nini?"

Nikafikiri. Ule musuko niliufungua upande mumoja, unaning'inia. Hata cheche ya bujia, ile plagi inayowasha petroli, inarudi kupitia masi. Bila masi, hata ukilisukuma mpaka Kibombo halitawaka.

"Na Sefu anafanya nini saa hii?"

"Anafinya butoni."

"Na swichi ya bobini ameifunga?"

Nilijua Sefu. Sefu hakuwahi kufunga hata mulango. Swichi ilikuwa wazi tangu siku walipolichukua, na kila taa ndogo inayolishwa nayo inakunywa batri pole pole. Papa Wakenge akaweka alama ya kijiwe pembeni ya batri yake ya ukutani, alama moja kwa kila nusu ya siku, kama mutu anayepima mafuta katika taa. Akaniambia: watatuita, kwa sababu mukubwa hawezi kwenda defile kwa miguu. Lakini wakichelewa kutuita, batri itakufa, na tukiunga masi gari halitawaka, na hapo tutakuwa tumethibitisha sisi wenyewe kwamba masi si kitu. Usiku ule hakuongea tena. Alihifadhi pumzi.

Walikuja siku ya nne, asubuhi ya defile. Sefu alikuwa pamoja na askari. Sikuwahi kufurahi kuona mutu mubaya hivyo.

Nyumbani kwa Mukubwa Mulenda gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, limeoshwa, na bendera mbili ndogo mbele. Yeye mwenyewe amesimama kando yake katika abakosti mpya, ile suti ya Chama. Ajida Bokota yuko. Lusangi Tambwe yuko, na daftari. Mukubwa alikuwa mutu wa sauti ndogo. Akasema hivi: "Raporo ya Lusangi inasema mumetukana masi. Ninyi munasema masi ni chuma. Nionyesheni. Kama iko, nitaiona. Kama haiko, treni inaondoka saa sita."

Papa Wakenge alishikilia mulango wa gari ili asimame. Akaniambia nianze kwa kuonyesha kwamba haifanyi kazi. Mukubwa akaingia, akafinya butoni. Rele ikasema *tik*, sauti ndogo kama mujusi. Nilisikia katika *tik* hiyo kwamba batri iko karibu kufa. Papa Wakenge naye alisikia. Tukatazamana. Ingetoa nguvu mara moja. Mara ya pili haikuwepo.

Nikaingia chini. Vyombo vyetu vilibaki garajini, Sumaili alivifungia. Sefu alikuwa na koleo moja. Musuko ulikuwa unaning'inia nilivyouacha, kichwa chake kimefunikwa kutu ya kijani na nyekundu, na mahali pake kwenye mwili wa gari vile vile. Kufunga hivyo kungekuwa bure. Nikaomba kitu cha kukwangulia. Nikasema neno hilo, kukwangua, na nikasikia kalamu ya Lusangi.

Askari mumoja alinipa sarafu kutoka mufukoni. Nilishaanza kuigeuza ili nitumie ukingo wake, ndipo nikaona kichwa kilichochorwa juu yake. Ni kichwa cha Mukubwa wa nchi, wakati ule hakukuwa na kingine kwenye pesa. Nikafikiri: nitakwangua masi iliyooza kwa kichwa hicho, mbele ya ajida, mbele ya daftari. Nikairudisha sarafu kutoka chini ya gari pole pole, kama mutu anayerudisha yai. Nikasema kwamba ni laini.

Hapakuwa na kisu ambacho wangemupa mufungwa.  Halafu kutoka chini niliona miguu ya Sefu ikikaribia, na mukono wake ukashuka na kijiko. Kile kile cha supu. Mutu amefungiwa butoni ili aache kijiko, na bado anatembea nacho mufukoni. Sefu, popote ulipo, sikukushukuru siku ile.

Nilikwangua kwa mukia wa kijiko. Nilikwangua kichwa cha musuko pande zote mbili, nikakwangua chuma cha gari mpaka kikawa cheupe kama jino, nikasugua kwa muchanga na jasho. Kengele inalia sikioni. Juu yangu nasikia filimbi ya Papa Wakenge. Nikafunga nati kwa koleo la Sefu mpaka ikakataa kuzunguka, kijiko nikakitia mufukoni mwangu. Nikatoka.

Papa Wakenge akasogea dirishani. Alihitaji kumuelekeza Mukubwa, kwa sababu batri ilikuwa na pumzi moja. Akasema: "Mukubwa, ufinye mara moja tu. Ikiwaka, uachie. Usishikilie."

 Miaka ile, kumwambia mukubwa wa Chama aachie, asishikilie, ni kama kumwambia aache kiti. Niliona ajida akigeuza kichwa. Kalamu ya Lusangi ilisimama hewani.

Mukubwa Mulenda akauliza kwa ile sauti yake ndogo: "Niachie nini, muzee?"

"Butoni, Mukubwa."

 Mukubwa akaweka kidole.

Demareri ilizunguka mara moja, nzito, kama mutu anayegeuka kitandani. Ikasimama karibu. Nikafikiri imekwisha. Ikazunguka mara ya pili, na motere ikashika.

Gari likawaka, na Mukubwa hakuachia. Alishikilia. Motere inanguruma, demareri ndani yake inapiga kelele ya meno juu ya meno, kelele ambayo hakuna fundi anayeivumilia, na tulikuwa wanaume wengi pale na hakuna hata mumoja aliyefungua kinywa kusema achia. Hata Papa Wakenge. Aliangalia chini. Mukubwa aliondoa kidole alipotaka yeye.

"Kumbe masi iko," akasema. Akaenda kwenye defile.

Ajida Bokota alitufukuza kwa mukono, kama kuku. Kabla hatujafika barabarani akatuita tena. Kuanzia siku hiyo neno masi lisisikike katika garaji yoyote ya muji. Kitu kiko, sawa, amekiona. Jina ni la Chama. "Mutafuta jina ingine," akasema.

Papa Wakenge alitembea mpaka kwake Mikelenge kwa kupumzika chini ya kila ukuta. Hakurudi kazini. Nilienda kwake kila siku kumueleza magari niliyoyapata, naye alinirekebisha kutoka kitandani. Alikufa kabla mvua hazijaisha. Taa yake ya kupimia, ile yenye spoki, alinipa. Ninyi munaitumia, waya zimebadilishwa mara nyingi, spoki ni ile ile. Kwangu mimi waliomuua ni watatu: Lusangi Tambwe, aliyeandika. Bokota, aliyefunga. Na wa tatu munamujua, aliyefuta mikono. Lusangi sasa anauza sabuni karibu na bandari na kusoma Injili kwa sauti kubwa. Bokota alihamishwa, sijui aliko, natumaini ni mbali na ni baridi.

Kuhusu jina jipya. Nilimueleza Papa Wakenge jina nililochagua, yeye akiwa kitandani. Nikamueleza kwa nini: ni kitu ambacho wengine wote wanategemea, kiko chini hakionekani, kwa juu kinang'aa, na siku kikioza gari lote linakufa huku watu wanalaumu batri. Hakucheka, wala hakukataa. Akasema tu: "Usikaze sana, nyuzi zitakatika."

Nikaanza kulitumia kesho yake. Mafundi wengine walilichukua kwa sababu masi ilikatazwa na mutu lazima aseme kitu. Lilivuka mutoni mpaka Alunguli, lilipanda malori mpaka Pangi. Chama kilikufa, marufuku ikafa nayo, jina likabaki. Sumaili Lukingama aliondoka garajini kwetu mwaka ule ule, akafungua breki zake mwenyewe upande wa Kasuku, na hapo mafundi walikuwa na adabu ya kutolisema mbele yake. Akitoka, walilisema na kucheka.

Mwaka jana, miezi michache kabla sijaacha kazi, alikuja. Amekuwa muzee, ana gari dogo lililokufa njiani, ameshanunua batri mpya, halijawaka. Hakujua nilikuwa ndani, nimekaa nyuma ya meza. Alitoka mumoja wenu, simutaji, hakufanya kosa lolote. Akafungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akashuka chini, akapiga taa ya Papa Wakenge huku na huku, akatoka akifuta mikono.

"Batri yako nzima, Papa," akamwambia. "Shida ni sumaili. Sumaili yako imeoza yote chini. Nitaikwangua."

 Yule muzee akauliza imeoza nini. Kijana akarudia, kwa heshima, akadhani hasikii vizuri. Ndipo Sumaili alipogeuza macho ndani ya garaji akaniona.

Alikuja mpaka kwenye meza. Nilimugeuzia sikio zima.

"Kyanga," akasema. "Tangu lini wananiita hivi?"

"Mimi niko mutu wa umeme," nikamwambia. "Uliza watu wa frein."

Kisha nikavuta droo, nikatoa kijiko cha Sefu, nikamupa yule kijana akakwangue.